Nishitaki Vizuri, Jirani

Mesa, Arizona
9 Novemba 1986

Dada Verna,

Salamu kutoka kwenye jua. Bev wangu hajambo, goti langu limetulia, na machungwa ya uani yameanza kuiva. Najua huko Skogdal theluji ya kwanza imeshaanguka, kwa hiyo sitakutambia zaidi ya hapo.

Jirani yako Duane Krause ameniandikia kadi. Anasema bado unawaachia watoto wa mji mzima wateleze kwenye theluji ya kile kilima nyuma ya zizi, na vibao vyao na mipira ya matairi, kama enzi za baba. Dada, enzi za baba zimekwisha. Siku hizi mtoto akivunjika mkono, mzazi anampigia simu wakili kabla ya daktari. Miji inafunga mabwawa ya kuogelea, shule zinang'oa bembea. Nimeuza bima miaka thelathini, hili nalijua.

Nakuomba ukate bima ya mwavuli. Usicheke jina. Iko hivi: bima yako ya nyumba inalipa mtu akiumia kwako, lakini ina kikomo. Madai yakipita kikomo, kinachobaki unalipa wewe, kwa akiba, kwa ng'ombe, kwa shamba. Bima ya mwavuli inakaa juu ya ile ya nyumba na ile ya gari, na inaanzia pale zile zinapoishia. Kwa ada isiyo kubwa kwa mwaka unapata kinga ya dola milioni moja, na wakili juu yake.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mdogo wako,
Orrin


Skogdal, Wisconsin
18 Novemba 1986

Orrin,

Mkuu ni mimi. Nilikufuta kamasi wewe ukiwa hujui hata kufunga kiatu, kwa hiyo methali hiyo irudishe ulikoitoa.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, mbele ya paka. Sote wawili hatukushawishika. Milioni! Mimi mjane mwenye ng'ombe wachache na gari linalowaka likijisikia, nani atanidai milioni? Ole Hofstad? Majirani zangu hawashitakiani. Ng'ombe wa mtu akiingia kwenye mahindi yako unamrudisha, mnakunywa kahawa, mnamsengenya mchungaji, yamekwisha. Wewe umekaa na wageni huko jangwani hadi umesahau tulivyo.

Mwezi uliopita kampuni yangu ya bima ya nyumba ilimleta kijana mwenye kamera. Akapiga picha kilima, mbele na nyuma.

"Mama, hii ni hatari."

"Mwanangu, hiki ni kilima. Kilikuwepo kabla ya kampuni yenu."

Nikampa kahawa na kipande cha keki, maana sikulelewa porini, kisha nikamwonyesha mlango.

Watoto watateleza. Marehemu Harlan aliniposa juu ya kilima hicho, pua ikimtiririka kwa baridi. Sikifungi kwa ajili ya mtoto ambaye hajaumia na wakili ambaye hajatokea. Na wewe, fimbo ya mbali haiui nyoka. Kama una wasiwasi, njoo ukae getini na blanketi.

Dada yako,
Verna


Mesa, Arizona
2 Desemba 1986

Dada,

Umenichapa na nimechapika. Lakini umekosea swali. Watu wote wanaokataa bima hii wanadhani swali ni kama majirani zao ni wabaya. Sivyo. Maswali ni mawili: una nini cha kupoteza, na una nini kinachoweza kumuumiza mtu? Mpangaji wa chumba kimoja, asiye na gari wala mbwa, nilikuwa namwambia abaki na pesa yake, na bosi wangu alininunia kwa hilo. Wewe una shamba lote la baba, na una kilima kinachojaa watoto kila Jumamosi.

Nilikuwa na mteja, mwalimu mstaafu, mpole kuliko wewe, ingawa hiyo si kazi kubwa. Mbwa wake alimrukia mama mbeba barua akamwangusha. Walikuwa marafiki, Krismasi walipeana biskuti. Yule mama alilia alipomshitaki, lakini nyonga ilikuwa imevunjika na hospitali haina urafiki na mtu. Hakutaka nyumba ya mwalimu. Alitaka kutembea. Mwalimu alikuwa na bima ndogo tu, ikaisha kabla nyonga haijapona. Akauza nyumba, na bado yule mama anachechemea.

Nilimwambia mapema. Naye alinijibu kama wewe, na paka wake.

Orrin


Skogdal, Wisconsin
15 Desemba 1986

Orrin,

Habari ya yule mama mbeba barua imenikwama kooni siku nzima, na nimekuchukia kwa hilo.

Jambo la mwavuli tulifunge. Nimelimaliza kwa namna yangu, na usiniulize namna gani. Najua ungependa kusikia kwamba umeshinda. Hutasikia.

Theluji ni nzuri mwaka huu. Jumamosi magari yanakuja hata kutoka miji ya jirani na yanaziba njia ya lori la maziwa la Duane, kwa hiyo nimeweka utaratibu getini. Nimekutumia chapati za viazi. Mwambie Bev asizipashe kwenye ile mashine yake mpya ya kupashia chakula, zitakuwa soli za kiatu. Na usithubutu kuniambia kwamba huko Arizona mnapata samaki wa magadi wa Krismasi, maana najua hampati, na najua unalia ukiwakumbuka.

Krismasi njema, wewe mkaidi.

Verna


Skogdal, Wisconsin
26 Januari 1987

Orrin,

Kari ameumia. Binti wa Duane, yule wa mwisho, mwenye meno makubwa ya mbele, ana miaka kumi na moja. Ilikuwa Jumamosi mchana. Theluji ilikuwa imeganda ngumu, mpira wa tairi ukamgeuza akawa anashuka kinyumenyume, ukapita mwisho wa mteremko bila kupunguza mwendo, akagonga nguzo ya getini. Ni nyonga na fupa la paja.

Nilikuwa pale pale. Nilimfunika koti langu nikamshika mkono mpaka gari la wagonjwa likafika. Hakulia. Aliniuliza kama mpira umetoboka, maana ulikuwa wa kuazima.

Wamempeleka hospitali kubwa Minneapolis. Nimemwomba Duane samahani. Nimewaokea nyama na viazi, bakuli mbili, na mkewe Joyce amezipokea mlangoni. Sijui niandike nini kingine.

Verna


Mesa, Arizona
31 Januari 1987

Dada yangu,

Pole. Pole sana. Bev analia na mimi si mbali naye.

Sasa nisikilize kama ambavyo hujawahi kunisikiliza. Usimwombe Duane samahani tena. Usipeleke chakula. Samahani ya jikoni ikifika mahakamani inaitwa kukiri kosa. Mtu akikuuliza lolote, sema, "Zungumza na kampuni yangu ya bima," halafu funga mlango. Najua ni ukatili. Ndivyo tulivyowafundisha wateja wetu wote, na waliotusikia walipona.

Kuna jambo moja la kukuokoa. Sheria ya Wisconsin inamlinda mwenye ardhi anayewaachia watu wacheze bure kwenye ardhi yake. Bure, Verna. Mradi hukuchukua kitu kwa mtu, mlango wa kukudai ni mwembamba mno. Mwavuli hukukata, basi sheria ndiyo iliyobaki, na kwa mara ya kwanza namshukuru Mungu kwa ukarimu wako wa kijinga, maana najua hujawahi kumtoza mtoto wa mtu hata senti. Shamba la baba litapona.

Kari naye atapona. Mpe busu langu, lakini kwa mkono wa mtu mwingine.

Orrin


Skogdal
20 Februari 1987

Bi Verna,

Naandika kwa sababu siwezi kuja kusema. Bakuli zako tumeziosha, ziko barazani.

Kari amepasuliwa mara ya pili. Daktari anasema mguu mmoja utabaki mfupi kama matibabu yatakomea hapa. Bima yangu ya afya ni ile ya kujilipia mwenyewe, na imeishia kwenye upasuaji wa kwanza. Benki unajua mwenyewe ilivyo na wakulima mwaka huu.

Kuna wakili wa mjini Eau Claire amekuja nyumbani. Anasema njia ni moja, kukushitaki wewe. Nilimfukuza. Joyce akamwita tena. Anasema yeye anaweza kuishi bila wewe kumsalimia, lakini hawezi kumwangalia Kari akichechemea maisha yake yote kwa sababu baba yake aliona haya.

Sijui mtu anawezaje kumshitaki Verna Tollefson. Marehemu baba yangu angenitandika. Ukisema nisifanye, sifanyi.

Jirani yako,
Duane Krause


Skogdal
21 Februari 1987

Duane,

Nishitaki. Na unishitaki vizuri, usije kama mtu anayeomba chumvi. Sema yote: nguzo ile niliichimbia mimi, mahali pabaya, mwisho wa mteremko, ili nifunge mnyororo wa kukusanyia dola kwenye magari. Sikufikiri. Kari amelipia kutofikiri kwangu, na mguu wake hautarefuka kwa bakuli za viazi.

Ninazo bima mbili, moja juu ya nyingine. Ya juu niliikata Desemba na hata ndugu yangu hajui. Kampuni hailipi kwa sababu bibi mmoja ameisihi. Inalipa ikidaiwa, na ili idaiwe lazima nishitakiwe mimi. Basi dai. Jina kwenye karatasi litakuwa langu, hilo lisikuondolee usingizi.

Watu wa kanisani watakununia. Jumapili uje ukae benchi langu, wewe na Joyce, ubavuni kwangu, waone. Atakayenung'unika nitamtazama mimi.

Bakuli zilete mwenyewe, nizijaze.

Verna


Skogdal, Wisconsin
1 Machi 1987

Orrin,

Keti kwanza.

Niliikata. Huo mwavuli wako. Desemba, kwa wakala wa hapa Skogdal, siku tatu baada ya kusoma habari ya mama mbeba barua. Sikukuambia kwa sababu ungeniringia mpaka Pasaka. Na sikuikata kwa sababu zako. Wewe uliniambia inamkinga mwenye mali. Mimi nilimfikiria yule mama. Nikasema, mtu akiumia kwangu na akaja kudai, akute kitu cha kuchukua zaidi ya ng'ombe wangu na aibu yangu.

Wakala akasema lazima kwanza niongeze bima ya nyumba, ndipo ile ya juu iwe na mahali pa kukaa. Nikaongeza. Kwa mjane hiyo si pesa ya kahawa, mwambie hivyo utakayemshauri baada yangu. Basi nikaweka nguzo na mnyororo getini, dola moja kwa gari. Nilijiona mjanja sana: wanaoteleza ndio wanaolipia kinga yao wenyewe. Na nguzo hiyo ndiyo iliyomvunja Kari.

Sasa umejua yote. Duane ananishitaki, na mimi ndiye niliyemwambia anishitaki. Jumapili tumekaa benchi moja, tukaimba kutoka kitabu kimoja. Mchungaji alipotuona alisahau mahubiri yake katikati, akarudia sala ya mwanzo.

Verna


Mesa, Arizona
7 Machi 1987

Verna,

Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Ungenipigia simu Desemba ningekuambia neno moja tu: usitoze. Ile dola imekuvua kinga yote ya sheria.

Na kuna baya kuliko hilo. Bima zako zote mbili ni za maisha ya nyumbani. Hazilipi madai ya biashara. Kampuni ikisikia ulikuwa unatoza kiingilio, itasema bibi huyu alikuwa anaendesha biashara ya kutelezesha watoto, na itafunga mkoba wake. Hapo Duane atakuwa anakudai wewe mtupu. Utauza shamba, na fedha yake haitatosha mawakili na mguu.

Mlango umebaki mmoja. Kampuni itakupa wakili. Utaapishwa, na utaulizwa ile dola ilikuwa nini. Sema ilikuwa mchango wa hiari. Sadaka. Aliyetaka alitoa. Hapo sheria inakulinda, kesi inakufa, shamba linabaki. Nani atakayebisha? Duane mwenyewe hatabisha, unamjua.

Najua unamfikiria Kari. Tutamchangia, mimi nitakuwa wa kwanza. Lakini shamba la baba usilitoe kwa mdomo wako mwenyewe. Mimi nilizaliwa kwenye chumba kile cha juu ya jiko, Verna. Nakusihi.

Orrin


Skogdal, Wisconsin
20 Mei 1987

Orrin,

Jana nimekula kiapo. Si mahakamani, ni ofisini kwa wakili wa Duane huko Eau Claire, meza ndefu, maji kwenye jagi, na mama mmoja wa kuchapa kila neno. Duane alikaa upande wa pili amevaa tai yake ya mazishi. Wakili wangu, yaani wa kampuni, ni kijana anaitwa Pruett, na viatu vyake havijawahi kukanyaga samadi. Kwenye ngazi alinifundisha maneno yale yale uliyoniandikia.

"Mchango wa hiari, Mama Tollefson. Tumeelewana?"

"Nimekusikia."

Kumsikia nilimsikia.

Wakili wa Duane akaniuliza maswali ya jina na umri, ya theluji, ya nguzo. Nguzo nikakubali. Kisha akasema, "Na ile dola, mama, ilikuwa nini?"

Orrin, sitakudanganya, nilitaka kusema sadaka. Nilikiona chumba cha juu ya jiko. Nilimwona baba anavua buti mlangoni. Ulimi ulikuwa umeshajiandaa. Ndipo nikamtazama Duane, na Duane alikuwa anaangalia meza. Hakutaka kuniangalia, ili nikiamua kusema uongo nisione haya mbele yake. Mtoto wake amefungwa chuma kutoka kiunoni mpaka gotini, na yeye ananisitiri mimi!

"Kiingilio," nikasema. "Aliyelipa nilimfungulia mnyororo. Asiyelipa aligeuza gari. Akina Hofstad niliwapitisha bure kwa sababu Ole hana kazi, lakini hayo ni yangu na Ole."

Pruett akaomba tupumzike. Akanivuta ukumbini, masikio yamemwiva.

"Mama, unajua umefanya nini? Umekiri biashara! Kampuni hailipi biashara. Watachukua nyumba yako!"

"Kama kampuni hailipi, hayo kayaseme mle ndani, yule mama ayachape."

"Siwezi kusema hayo mle ndani, mimi ni wakili wako."

"Basi nitakusemea."

Nikarudi peke yangu nikaketi. Naye akaja mbio nyuma yangu. Nikasema nina la kuongeza.

"Mteja wangu hana la kuongeza," akasema Pruett.

"Kijana, niliyeapa ni mimi. Wewe hujaapa chochote."

Mama wa kuchapa akakohoa, na sidhani kilikuwa kikohozi.

Nikasema hivi, na maneno nimeyarudia njia nzima kurudi nyumbani ili nikuandikie sawasawa: "Nimeambiwa nilikuwa nafanya biashara. Haya. Biashara ina faida, na faida ina mwenyewe. Kila dola iliyopita getini kwangu niliipeleka kwa wakala wenu kulipia bima ya mwavuli, na risiti mnazo. Mimi nilisimama kwenye baridi nikafungua mnyororo na kufunga mnyororo. Pesa mkachukua nyinyi, yote. Sasa niambieni, biashara ile ilikuwa ya nani?"

Wakili wa Duane aliweka kalamu chini. Pruett alijimiminia maji akasahau kuyanywa.

Nilitembea wima mpaka kwenye gari, nalo likakataa kuwaka mpaka mara ya tatu. Kama shamba limekwenda, limekwenda kwa mdomo wangu kama ulivyosema, na nitakuomba radhi wewe na baba kwa kulipoteza. Kwa kusema kweli siombi radhi kwa mtu.

Verna


Skogdal, Wisconsin
14 Septemba 1987

Orrin,

Tangu Mei hujaniandikia. Nilidhani posta wameipoteza barua yako, kisha nikakumbuka kwamba wewe hununa kimya, tangu mtoto.

Kampuni imelipa. Walijadiliana majira yote ya joto, na mwisho hawakutaka yale maneno yangu yasomwe mbele ya raia kumi na wawili wanaoamua kesi mahakamani, wengi wao wenye bima. Bima ya nyumba imelipa mpaka kikomo chake, na ya mwavuli ikaanzia hapo, kama ulivyonieleza. Kari atapasuliwa tena vuli hii na mara nyingine akikua, na yote yamelipiwa. Anatembea kwa magongo. Amenigonga mguuni kwa gongo moja, kwa bahati mbaya anasema yeye.

Shamba lipo. Chumba chako kipo.

Sasa habari ya pili. Wiki hiyo hiyo kampuni imenifutia bima zote mbili, barua ya mistari mitatu. Nimeuliza kwingine. Watanipokea wote nikiwaandikia kwamba kilima nimekifunga. Nilitaka kuupa mji kilima chenyewe, bure kabisa, na mji umekataa kwa sababu na wao wana kampuni yao ya bima.

Basi nimeamua. Theluji ikianguka nafungua, bila mnyororo, bila dola, bila nguzo. Sheria itanilinda kiasi chake, lakini hilo silo ninaloliwaza. Najua mtoto mwingine akiumia hatakuta kampuni, atanikuta mimi tu na nilicho nacho. Wazo hilo linanitisha, nakwambia kweli. Usidhani ni ule ujeuri wangu wa mwaka jana wa kusoma barua mbele ya paka. Sasa bima hii naielewa. Niliihitaji, na bado naihitaji. Hawanipi, basi. Lakini kuwafukuza watoto wote wa Skogdal ili mimi nilale salama, hilo sifanyi, hata waje na kamera kumi.

Umenuna vya kutosha. Niandikie, hata kama ni matusi.

Dada yako,
Verna


Mesa, Arizona
4 Oktoba 1987

Dada Verna,

Sikununa. Barua yako ya Mei nimetembea nayo mfukoni majira yote ya joto. Kila nikikaa kuijibu naandika kama wakala wa bima, nachana, naanza tena. Nilikuambia useme uongo chini ya kiapo, nikauita mlango. Nimeona haya, na mtu mwenye haya haandiki.

Miaka thelathini nimekaa kwenye meza za jikoni za watu nikiwauliza, una nini cha kupoteza? Nilikuwa hodari. Hakuna hata mmoja niliyemuuliza, ukimuumiza mtu, utamlipa nini? Wewe ulilisikia swali hilo ndani ya hadithi yangu mwenyewe, na mimi niliyeisimulia sikulisikia.

Sasa nisikilize, na safari hii usinijibu kwa methali. Mimi na wewe tulirithi shamba pamoja, kisha nikakuuzia sehemu yangu nikaja kuota jua. Nataka jina langu lirudi kwenye hati. Sitaki mahindi wala ng'ombe, nataka kile kipande cha kilima tu, nusu kwa nusu. Nimeiuliza kampuni yangu kama mwavuli wangu utafika huko. Wamenijibu haraka kuliko walivyowahi kunijibu nilipokuwa nawafanyia kazi: kilima hawakigusi. Basi wasikiguse. Nina nyumba hii, haidaiwi, na nina akiba ya uzeeni. Mtoto akiumia na wazazi wake wakaja kudai, wakifungua hati wakute majina mawili. Wasikukute peke yako.

Nimekwenda kwa mwanasheria, na karatasi zimo humu kwenye bahasha. Sahihi yangu ni ile ya chini. Mwanasheria aliniuliza mara tatu kama naelewa ninachofanya, nikamwambia, bwana, hii ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Bev amezisoma zote kabla sijafunga bahasha. Amesema nimepigwa na jua kichwani, nimekwisha. Kisha akavaa miwani, akaliangalia lile karatasi la hati tena, akauliza kama hapo chini kuna nafasi ya jina la tatu.

Mdogo wako,
Orrin